Mabati Uliyoyavua Kwenye Injini

Mwanaidi, mjukuu wangu,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Bibi yako hajambo, ila macho tu. Muhogo wa Baleni tumeshang'oa. Leo sikuiti mke wangu kama kawaida yetu, maana umeniudhi.

Unauliza kama injini ya hilo gari lako la mgongo wa kobe, ukishaitia pistoni kubwa, itakwenda bila mabati yanayoelekeza upepo wa feni. Eti silinda mpya ni pana, mabati hayaingii.

Mimi nilipokuwa na gari kama hilo, yangu pia hayakuingia, nikayatupa. Nilisema gari halina rejeta, linapozwa na upepo, na sisi watu wa Bweni upepo tunao wa kugawa.

Baba yangu alipozidiwa, nikampakia kumpeleka hospitali Kilindoni. Injini ikachemka, ikanoki katikati ya njia. Mengine sisemi.

Msibani kila mtu aliniambia ni kudra ya Mungu. Hakuna hata mmoja aliyenilaumu, na hasira ya hilo ninayo mpaka leo.

Basi wewe nakulaumu mapema. Yakate hayo mabati, yaongeze, yachomelee mpaka yaenee. Ukishayafunga niambie, nikuite tena mke wangu.

Babu yako, Bweni