CD za Shamba la Mtama

Mkunya, Newala
4 Mei 2024

Mwanangu Optatus,

Hujambo, na watu wa Masasi hawajambo? Sisi wazima, maji tu ndiyo shida. Nyumba iko kimya tangu tumzike mwanangu Ashraf, rafiki yako.

Naandika kwa sababu kwenye simu nitalia. Baba yake mdogo, Salmini, anasema ule muziki wenu wa metali ni wa mashetani, unamwongezea mwanangu mzigo kaburini. Mimi niliusikia nyuma ya ukuta tu: magitaa yakikimbizana, yeye akipiga kelele kama anayeungua. Silali. Niambie kweli, alikuwa anaimba nini?

Mama yako,
Zabibu

Masasi
11 Mei

Shikamoo Mama,

Natumaini u mzima. Mimi naendesha bodaboda. Ngoma zangu zimelala.

Bendi yetu, Radi Kavu, ilitoa albamu moja tu, *Kiu*. Redio ziliikataa, watu wakatucheka: "Mnapiga gitaa au mnagombana nalo?" Lakini ilikuwa kazi nzuri, Mama. Hakuna shetani mle. Ni foleni za ndoo na bomba linalokoroma bila kutoa kitu.

Ningependa usikie mwenyewe, ila kompyuta tuliyorekodia chumbani kwa Ashraf iliibwa na nakala zangu za CD niligawa. Za Ashraf zilikuwa kwenye boksi chini ya kitanda. Zipo?

Mwanao,
Optatus

Mkunya
15 Mei

Marahaba mwanangu,

Siku ya arobaini tulipogawa vitu vyake, boksi lile alichukua Salmini. Alisema, "Kama zilitisha watu, zitashindwa na ndege?" Akazitundika kwa uzi shambani, juu ya mtama.

Leo nimekwenda. Jua na umande vimezibandua. Moja tu ilikuwa kwenye kivuli cha mkorosho. Nimeifunga ndani ya kanga, naituma kwa kondakta wa basi. Usinifiche, hata ikiwa mbaya.

Mama yako

Mkunya
9 Juni

Optatus, u mzima? Kondakta anaapa alikupa mkononi. Mbona kimya? Umesikia nini humo?

Mama yako

Masasi
13 Juni

Shikamoo Mama,

Unisamehe. Kila deki iliitema, mpaka fundi mmoja akaisugua kwa dawa ya mswaki. Nyimbo nyingi zinakwama. Wa mwisho umetoka wote, nimeuweka kwenye flashi hii. Uchomeke kwenye redio.

Kabla ya gitaa kuna mwanamke anaita. Mimi nilitaka tumkate. Ashraf akasema, "Thubutu! Huo ndio wimbo wenyewe."

Mwanao,
Optatus

Mkunya
18 Juni

Mwanangu,

Tumesikiliza kwenye redio ya Salmini. "We Ashraf! Acha makelele, maji yametoka, leta ndoo!" Ni mimi. Kisha yeye akayapokea maneno yangu yale yale, akayapigia kelele mpaka mwisho.

Salmini akasema, "Shemeji, kumbe shetani mwenyewe ni wewe." Tukacheka hadi machozi. Akaurudisha mwanzo bila kuombwa.

Siku ile Ashraf alikuja na ndoo, vidole vina alama za nyuzi za gitaa. Nilimgombeza kwa kuchelewa.

Ukiwasikilizisha watu, waambie anayeita ni mama yake. Unikumbuke.

Mama