Kiwanja Chini ya Mawe Mawili

Kijiji cha Mungaa,
Wilaya ya Ikungi,
Singida.
23 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Joseph,

Bwana Yesu asifiwe. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi yangu Lucy na watoto. Gasto kikohozi chake kimemwacha? Na Aneth ameshazoea shule ya huko, au bado analia akisikia wenzake wanaongea lugha asiyoijua? Mwambie shangazi yake anamtaja kwenye maombi kila asubuhi kabla hata ya kuwasha moto.

Sisi huku hatujambo kiasi. Mguu wa shemeji yako Simoni unamsumbua, hasa akitoka shambani, lakini ukimwambia apumzike anakwambia jembe halina likizo. Mwanetu Jesca alijifungua salama kule Ikungi, mtoto wa kike, na mimi nilikaa naye tangu mwezi wa saba mpaka wa tisa, ndiyo maana hukunisikia. Uwele tumeshapanda kwenye udongo mkavu, tunasubiri mvua. Kuku walipigwa na kideri, amebaki jogoo mmoja mkorofi, nadhani hata ugonjwa ulimwogopa.

Joseph, ujumbe wako ulimfikia katibu wetu Christopher, akausoma kanisani Jumapili iliyopita. Kwamba huko Zambia wazee wa kijiji wamewapa kiwanja cha kujenga kanisa, kikubwa, tambarare, chenye majani mabichi, tena bure, na Januari mnaanza kufyatua matofali. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilibaki nimekaa. Mwenzangu kwenye benchi akanigusa, akidhani nimesinzia. Sikusinzia. Niliwaza kiwanja cha huku kwetu.

Ndiyo sababu nakuandikia kwa kalamu badala ya kungoja siku utakayopanda kile kilima chenu cha mtandao. Haya si maneno ya kupigiana kelele kwenye simu majirani wakisikia. Christopher anasafiri kesho kwenda mkutano Tunduma, na huko atawakuta wenzenu wa upande wa Zambia wakuletee. Nataka ujue kinachotupata hapa kabla hujainua ukuta hata mmoja.

Mlipoondoka, mwaka haukuisha, na sisi tukaletewa wamisionari. Ni familia kutoka Malawi. Nilimwambia Simoni, Mungu ana mambo, sisi tumetoa wetu, na wenzetu wametutolea wao. Mchungaji anaitwa Wyson, mkewe Tamanda, na wana mabinti wawili wadogo, Chikondi na Madalitso. Ni watu wema, Joseph. Tamanda alikuja hajui kusonga ugali wa uwele, sasa anatushinda. Mchungaji Kiswahili chake bado kinachechemea, anawaamkia wazee "hujambo baba", nao wanacheka na kumfundisha shikamoo upya kila asubuhi. Walitumwa kuanzisha kanisa kitongoji cha chini, kwa ajili ya wale wanaotembea mbali mpaka kuja kanisa la juu.

Mchungaji akaenda kuomba kiwanja kwa baba mdogo Alute, maana upande ule ni ardhi ya ukoo wetu. Baba mdogo unamjua. Na unajua namna yetu. Mgeni akiomba kitu ambacho huwezi kutoa, humwambii hapana usoni. Unampa kitu ambacho mwenye macho ataona hakifai. Yeye anashukuru, anasema ngoja nikafikirie, anaondoka, na hakuna aliyeaibika. Baba mdogo hakutaka kupunguza malisho. Basi akamchukua mchungaji akamwonyesha pale bondeni, chini ya yale mawe mawili.

Palepale ambapo marehemu baba alituchapa kwa kufunga ndama. Majani yanaota vizuri kwa sababu maji ya mlima wote hupita hapo ikinyesha mvua kubwa. Si kila mwaka, na miaka mingi inaweza kupita hakuna kitu. Mwaka wa Elinino wewe ulikuwa mdogo mno, mimi nakumbuka. Tulisikia kama lori linashuka bila breki. Kulipokucha, nyumba ya babu yake jirani yetu Magdalena haikuwepo, wala zizi, wala ng'ombe, wala mzee mwenyewe. Tangu hapo hakuna aliyelima pale.

Mchungaji Wyson alipoonyeshwa alipiga magoti kwenye majani. Akamshukuru Mungu, kisha akamshika baba mdogo mikono yote miwili. Wiki hiyohiyo akaanza kuchimba msingi.

Mimi nilikuwa Ikungi kwa Jesca. Niliporudi nikakuta kuta zimesimama, bati liko juu, na nyumba ya mchungaji imeshikana na kanisa kwa nyuma. Kuta si ndizo zilizonitisha. Kilichonitisha ni kwamba kijiji kizima kilisaidia kujenga. Wanawake walibeba mchanga na maji, wanaume mawe, na nyimbo juu. Jua likianza kulegea, kila mtu anaokota jembe lake na ndoo yake, anapanda kwake. Hakuna anayeacha kitu pale, hata kamba ya mbuzi. Mchungaji akitangaza mkesha, mmoja ana mgonjwa, mwingine ana ng'ombe anayekaribia kuzaa.

Na tangu mawingu yaanze mwezi huu, sala ya jioni haina watu. Mchungaji amehubiri mara mbili juu ya imani haba, akauliza kama Mungu aliyetuumba atatuyeyusha kwa matone. Watu wakaangalia miguu yao. Wangemjibu nini? Kumjibu ni kusema kwamba mzee wetu alimkatalia mtumishi wa Mungu, yeye hakuelewa, na sisi tukambebea mawe.

Nilikwenda kwa baba mdogo. Nilimkuta anachonga mpini, na mama mdogo Cecilia anapepeta uwele pembeni. Nikaamkia, nikapewa kigoda, nikamuuliza. Akaendelea kuchonga.

"Nilimpa ili akatae," akasema.

Mama mdogo akacheka, lakini si cheko la furaha. "Huyo hakukulia hapa, atajuaje? Wewe mwenyewe ulipokuja kuniposa, baba yangu alikujibu 'tutaona', kesho yake asubuhi uko mlangoni na mbuzi."

Baba mdogo hakucheka. Alisema akimwambia sasa atakuwa amemtukana mtu yule mara mbili, na mtu yule anamwita baba. Akarudi kwenye mpini wake.

Simoni naye akamfuata mwenyekiti wa kitongoji. Akajibiwa ardhi ni ya ukoo, muulizane wenyewe.

Basi nikashuka kwa Tamanda. Tulikuwa tunachambua maharage, nikamweleza kila kitu bila kuzunguka. Sikuona machozi wala maswali mengi. Aliniuliza tu maji hufika wapi. Nikasimama, nikaweka kiganja ukutani, juu ya dirisha la chumba wanacholala watoto.

Akamwambia mumewe. Na mchungaji ni mtu mnyoofu, akafanya jambo ambalo mtu mnyoofu wa kwao angefanya. Jumapili iliyofuata kanisa la juu tulishuka wote kwa ibada ya pamoja. Baada ya matangazo akamwita baba mdogo kwa heshima asimame, mbele yetu sote.

"Baba, mimi nimesikia maneno. Nataka unisemee wewe mwenyewe. Mahali hapa ni pazuri?"

Baba mdogo aliizungusha kofia yake mikononi, akaizungusha tena.

"Ni pazuri, mchungaji."

Mchungaji akasema Amina, watu wakaitikia Amina. Angemwita faragha, jikoni, wakiwa wawili tu na kikombe cha uji, mzee angepata njia ya kusema. Lakini mbele ya watu, na mgeni amesimama katika nyumba yake mpya, angesema nini kingine?

Nilimfuata mchungaji mwenyewe baadaye. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akaniuliza kwa upole, kama ni hivyo, kwa nini baba alisema pazuri? Joseph, nilitafuta jibu ambalo halitamvua mzee nguo, nikalikosa. Sasa anaamini kuna roho ya wivu inayotaka kuivunja kazi. Wala hanichukii. Ananiombea, tena kwa jina, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Tamanda hakubishana na mumewe. Jioni ileile akapanda kwangu na mabinti wawili, kila mmoja na blanketi lake, akasema wanataka kulala kwa bibi wa Mungaa wasikie hadithi. Kila siku wanakuja. Juzi akaleta na nguo zao za shule. Jana akaleta kisanduku chenye hati zao za kusafiria, akaniomba nikiweke juu kwenye dari. Yeye huteremka tena. Nilimwambia na yeye abaki. Akasema, "Nikilala huku, dada, atajua simwamini."

Baba mdogo naye, kila mlima ukiwa mweusi anakwenda kukaa juu ya jiwe mojawapo, uso kule maji yanakotokea. Mchungaji anamwona dirishani, anafurahi, amewaambia watu mzee ameanza kupenda maombi ya faragha.

Sasa, mdogo wangu. Huko mliko mimi sikujui. Sijui kama kiwanja chenu ni njia ya maji, au ya tembo, au kuna makaburi chini yake. Labda ni kiwanja kizuri kabisa na dada yako anazeeka vibaya. Lakini nakuomba, usiwaulize wazee waliowapa. Wewe umevaa kola ya mchungaji na wao ni wenyeji, watakuheshimu mpaka wakuue. Umtume Lucy akachote maji na wanawake. Akae nao siku nyingi, asiwe mama mchungaji, awe mtu wa kubeba ndoo tu. Halafu aulize jambo moja. Ardhi yenye majani mabichi namna hiyo, kwa nini hakuna aliyewahi kuilima?

Akiona wamenyamaza, au mmoja amecheka na kuangalia pembeni, msifyatue tofali hata moja. Waendeeni wazee, mshukuru sana, mseme mnaomba nafasi ya kufikiri. Hawatawachukia, Joseph. Watapumua.

Najua wewe ndiye uliyesoma chuo cha Biblia na mimi niliishia la saba. Najua pia utasema Mungu hawezi kuwaongoza mpaka huko awaache. Hajawaacha. Ila amewapa majirani, na majirani wana namna yao ya kusema.

Simoni anakusalimu sana. Jesca anawasalimu, na mtoto wamempa jina la mama. Christopher anasema msimsahau kwa asali mkija likizo, ingawa asali iko kwetu na si kwenu. Mama mdogo Cecilia yuko hapa jikoni kwangu tangu mchana, amesema nikuandikie kwamba anawaombea.

Salamu za baba mdogo Alute sikuzipata. Leo baada ya chakula mlima ulijifunika mpaka chini. Akakunja mkeka wake, akachukua blanketi, akashuka kule kanisani. Mama mdogo alimuuliza anakwenda wapi, akajibu anakwenda kukaa na mgeni wake. Tamanda amefika sasa hivi na watoto. Anasema mumewe alimpokea mzee mlangoni kwa wimbo, ana furaha ajabu, anadhani amekuja kukesha naye.

Mama mdogo amemuuliza Tamanda kama mzee amevaa koti. Tamanda hakujua.

Upepo umegeuka, unatoka mlimani, na una harufu ya udongo uliolowa. Christopher yuko uani anasubiri bahasha. Tamanda anajifunga kanga upya ateremke kabla ya giza, na Simoni amechukua fimbo yake, amekataa kuusikia mguu, anasema atashuka naye akawatoe wanaume wawili wale hata kama ni kwa kumbeba mzee mgongoni. Naweka kalamu hapa nimshike Tamanda mkono. Leo simwachii.

Mungu aliyewatoa kwetu akawapeleka mbali awaonyeshe na pa kuweka miguu. Awape watu wa kuwaambia ukweli, na ninyi masikio ya kuusikia hata ukisemwa kwa adabu.

Dada yako akupendaye siku zote,

Emiliana