Shanga za Natapar Ziwani

Jumanne, 1 Agosti 1995. Lodwar

Nimesuka tangu alfajiri. Vidole vinauma. Kikapu cha masista bado mdomo haujaisha.

Ekal amepita na samaki wake wakavu. Ni mtoto wa marehemu kaka yangu, mvuvi wa Kataboi, ana mashua ya injini. Hata chai hajamaliza, nikamwambia: nataka unipeleke kisiwani, kule katikati ya ziwa, mimi na Natapar, tulale huko, uturudishe. Akacheka. Shangazi, kisiwani kuna mamba. Nikamwambia hata hapa Lodwar mamba wapo, wanavaa suruali. Akaona sifanyi mzaha.

Tumepanga Alhamisi ya wiki ijayo, mwezi ukiwa mpevu. Mwezi ukiwaka samaki anauona wavu, wavuvi wanakaa bure, mashua inapatikana. Upepo wa ziwa ni mkali asubuhi, hutulia mchana ukienda. Ndiyo maana lazima kulala. Unakwenda jioni, unarudi jioni ya pili. Hayo niliyajua kabla Ekal hajazaliwa, lakini nilimwacha anieleze. Wanaume wanapenda.

Ana sharti moja. Habebi mwanamke mwenye shanga nyingi shingoni. Aliona mmoja mashua ikipinduka, akazama kama jiwe. Nimesema sawa. Mimi nina uzi mmoja tu.

Jumatano, 2 Agosti

Niandike kwa nini tunakwenda, mkono upate mazoezi. Mwalimu wa gumbaru alisema kila siku, hata mstari mmoja. Shule sikuiona. Herufi nimezijua nikiwa na mvi.

Natapar ni mke mwenzangu. Mzee wetu alimwoa kwanza, kwa ng'ombe na ngamia, huko Lokiriama. Mimi alinichukua ziwani, kwa watu wasio na mifugo. Boma zima waliniita mla samaki. Natapar ndiye aliyeanza. Lakini Akiru wangu alipozaliwa, nikalala na homa, sina hata tone la maziwa, Natapar alimnyang'anya mwanawe titi moja akampa wangu. Hakuuliza mtu. Akiru yuko hai. Ana watoto. Siwezi kuongeza neno hapo.

Sasa macho yake yanakufa. Kope zilipinda zikaingia ndani, zikakwaruza miaka mingi. Akiru alimpeleka kwa daktari. Kope zimetengenezwa, maumivu yameisha, kovu limebaki. Jicho la kushoto limezima. La kulia linafuata, daktari hakuficha. Natapar hakulia. Alisema tu: basi nitaingia gizani sijaona hilo ziwa lako unalolisifu kila siku, na hilo jiwe linalotoa moshi katikati ya maji.

Ataliona. Nimesema.

Alhamisi, 3 Agosti

Hakuna lori la Kakuma, anakokaa Natapar. Polisi wa kusindikiza magari hawakuja. Nimekaa barabarani mpaka jua likanikausha. Nimerudi nyumbani na hasira, nikapiga sufuria.

Ijumaa, 4 Agosti. Kakuma

Nimefika. Vumbi mpaka kwenye meno.

Natapar anakaa kwa Akiru, jirani na kambi ya wakimbizi. Nimemkuta kivulini. "Ejok," nikamsalimia. Akageuza kichwa kama kuku, atumie lile jicho zima.

"Nilisikia harufu ya samaki nikajua ni wewe."

Bado ni yeye. Asante Mungu.

Jicho limeingia ukungu zaidi kuliko Pasaka. Asubuhi na jioni linaona. Jua likipanda, anasema, dunia yote inakuwa maziwa. Nimemweleza safari. Akaanza amri. Samaki hali. Mbuzi wake wa maziwa lazima aje. Tumbaku iwe nyingi. Huyo Ekal anakunywa? Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Mbuzi ndani ya mashua! Ekal atanitoa kwenye ukoo.

Jumamosi, 5 Agosti

Mimi ni mjinga.

Leo asubuhi nilikuwa namsuka nywele, mikono ikagonga shanga zake. Zinaanza mabegani zinafika kidevuni. Nimeziona miaka yote hata sizioni tena, kama mtu asivyoona pua yake. Wala sikuzikumbuka Ekal alipokuwa anasema.

Nikamwambia sharti la Ekal.

"Nivue? Kwani nani amekufa?"

Kwetu mwanamke havui shanga hivi hivi. Huzivua akifiwa na mume. Natapar alizivua mara moja tu, tulipomzika mzee wetu, tukakaa shingo wazi sote wawili kama kuku walionyonyolewa. Siku alipozivaa tena alisema mkono utakaozifungua ni wa yule atakayemzika. Nilikuwapo. Nilisikia kwa masikio yangu. Kwake kuzivua ni kukiita kifo kwa jina.

Nimemwambia ni jioni mbili tu. Amesema kifo nacho hakitaki muda mrefu. Akanipa mgongo. "Nenda na mbuzi."

Jumapili, 6 Agosti

Kanisani sikusikia hata neno moja. Niliomba kwa hasira. Kama Mungu hapendi hivyo, basi anisamehe.

Akiru amembembeleza mama yake huyo wa pili tangu jana. Wapi. Mwezi unanenepa kila jioni. Ukipita huu, ule mwingine utalikuta jicho wapi? Hakuna anayelisema.

Baada ya ibada amekuja Nyandeng, rafiki wa Akiru. Mdinka kutoka Sudan, ana kibanda cha sukari na sabuni kambini. Mrefu mpaka unamwonea huruma mlango. Amesikiliza maneno yote, kisha akauliza: hizo shanga uzito wake kama mtoto mchanga? Akiru akasema zaidi. Nyandeng akasema walipokimbia vita walivuka mto uliojaa. Kuogelea hajui. Mtoto mgongoni, mitungi mitupu imefungwa kwapani. Akafika. Na huyo mtoto, akasema, ndiye sasa anamaliza sukari yangu.

Nikamkumbatia mpaka akalalamika mgongo.

Jumatatu, 7 Agosti

Nyandeng ameshona. Mitungi midogo ya plastiki, vifuniko vimebanwa kwa mpira wa tairi, yote ndani ya kipande cha turubai. Mingine kifuani, mingine mgongoni, kamba kiunoni. Natapar ameivaa chini ya shanga zake, hakuna hata ushanga mmoja uliosogea. Nimemwambia anafanana na punda wa maji.

"Punda wa maji hufika."

Amekubali! Amekubali, amekubali.

Shida ni moja. Kakuma nzima hakuna maji ya kumjaribia. Mto ni mchanga mtupu. Tutashuka naye Lodwar, mto Turkwel sasa una maji.

Nyandeng hawezi kuja. Bila ruhusa hatoki kambini, na ruhusa haitoki upesi. Limeniuma. Aliyetufungulia njia ndiye anabaki. Nimemuuliza nimletee nini. Akasema maji kidogo ya hilo ziwa, ayaone na yeye.

Jumanne, 8 Agosti. Lodwar

Tumepanda lori na mbuzi. Mbuzi amemtapikia askari. Natapar amesema ni baraka.

Jumatano, 9 Agosti

Leo Turkwel. Wanawake waliokuwa wanafua waliacha nguo ziende na maji, wasimame kumtazama. Natapar ameingia hajavua kitu, mimi nimeshika kamba. Maji yakafika kiunoni, kifuani. Kisha miguu ikaacha mchanga.

Ameelea. Ameelea huku akiutukana mto, mimi, Nyandeng, na yule aliyevumbua maji.

Ekal alikuwa ukingoni, nilimwita aje aone. Uso wake ulitaka kukataa. Natapar akamwita kutoka majini: "Wewe mtoto wa samaki! Umeniona nikizama?"

"Hapana, mama."

"Basi."

Ekal ameweka sharti jipya: mitungi isifunguliwe mpaka nchi kavu. Na mbuzi hapana. Kwa mbuzi hakusogea hata kidogo. Tumemwacha kwa jirani, maziwa yake yako kwenye kibuyu.

Alhamisi, 10 Agosti. Kalokol

Upepo.

Tumefika ghubani mapema, kila kitu tayari. Maji ya kunywa, unga, tumbaku, blanketi. Upepo haukutulia. Mawimbi yana meno meupe. Ekal amesimama mbele yake mpaka jua likazama, akasema leo hapana, shangazi. Sikubishana. Baba yangu pia alikuwa anasema hapana hivyo hivyo, na akafa kitandani.

Mwezi umetoka mkubwa. Natapar anaona mwanga juu ya maji, anasema ni kama bati. Kisiwa haoni. Kutoka hapa hata mimi sikioni vizuri.

Ninaogopa. Naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma. Ninaogopa nimemtoa kwake, nimemlowesha kama shuka, nimembeba njia yote hii aje kutazama bati.

Ijumaa, 11 Agosti

Asubuhi upepo bado. Natapar anatafuna tumbaku tu. Angalau angenitukana.

Mchana. Ndege wamerudi kukaa juu ya maji. Ekal anamwaga maji yaliyoingia mashuani, anapiga mluzi. Simuulizi. Nikifungua mdomo nitaharibu.

Karatasi nimezifunga kwenye mfuko wa nailoni.

Jumapili, 13 Agosti. Lodwar

Tumerudi wazima. Asante Mungu, asante, na tena asante. Sijui niandike nini kwanza.

Ziwa lililala kama ngozi iliyotandazwa juani. Natapar alinishika mkono mpaka ukafa ganzi. Tulipoacha nchi kavu mbali alinyamaza. Natapar, kunyamaza! Aligeuza kichwa huku, akageuza kule, kwa lile jicho lake, akitafuta upande wa pili wa maji. Haupo, nikamwambia.

Kisiwa kilikuja polepole. Kwanza cheusi. Kisha jua la jioni likakipiga, kikawa chekundu kama udongo wa kwao. Akakiona. Sikumwambia kiko wapi. Alinyoosha kidole mwenyewe.

"Boma lile. Mtu amewasha moto."

Nikamwambia hakuna mtu, ni ule moshi wa jiwe.

"Basi ni Mungu anapika chai."

Tulilala kwenye mchanga mweusi, mahali wavuvi hupiga kambi. Ekal aliwasha moto, mamba wakae kwao. Kibuyu kilipasuka wakati wa kushuka, maziwa yote yakanywewa na mchanga. Natapar alikaa na njaa kwa heshima yake yote. Kisha akanyoosha mkono. Akala samaki. Akaomba na kichwa. Ameniapisha nisimwambie mtu yeyote. Kuandika si kumwambia mtu.

Asubuhi jua likiwa chini bado, Ekal alimbeba mgongoni kwenda juu ya mlima wa kisiwa. Huko ndani kuna ziwa jingine, la kijani, na ndege heroe wengi, waridi pembeni yote. Nilifika nyuma yao nikihema kama mzee, na mzee ndiye mimi. Natapar alikuwa amekaa juu ya jiwe. Alitazama mpaka jua likapanda, mpaka jicho likaanza kutoa machozi, na bado akakataa kulifunga.

Alisema: "Maji yote haya, na hakuna mbuzi hata mmoja."

Kisha akasema jina la Akiru. Mara moja tu, kama mtu anayeita aliye karibu. Nikalikumbuka lile titi. Nilikaa kwenye jiwe lake, tukabanana.

Kurudi kulikuwa kwema. Mtungi mmoja tuliufungua pwani tukaujaza maji ya ziwa.

Jumatano, 30 Agosti

Kikapu cha masista kimekwisha. Nimeanza kingine.

Akiru alikuja wiki iliyopita kumchukua mama yake. Natapar amekataa, anasema Kakuma kuna vumbi. Lodwar je? Nimefurahi mpaka nikachoma uji. Akiru amerudi Kakuma na ule mtungi wa maji wa Nyandeng. Ametuma habari: Nyandeng aliyaonja akatema, kisha akayatia kwenye chupa ya kioo, yako juu kibandani. Wateja wanauliza ni dawa ya nini. Anawajibu ni ziwa.

Jicho limekwenda. Siku ya Ijumaa bado aliona moto wa jiko. Jumamosi hakuona. Nilikaa naye. Siku ile hatukutaniana.

Lakini majirani wakija anawasimulia kisiwa. Amekiongezea mambo. Mamba wamekuwa wakubwa kama lori, Ekal amekuwa mfupi. Mimi mzaliwa wa ziwa nasikiliza, nasuka, simsahihishi. Samaki hamtaji.

Kila asubuhi namtolea kigoda nje. Anataka kielekee ziwani, siku nzima ya kutembea kutoka hapa. Leo nilikuwa na haraka, nikakiweka tu. Alikaa. Upepo wa asubuhi kutoka ziwani ukampiga shavuni badala ya usoni. Akainuka, shanga zikagongana, akakigeuza mwenyewe.

"Mla samaki," akasema, "kwenu ni huku."