Mkono wa Acayo na Mapishi ya Sajini

Mama Emérence mpendwa, niokoe kabla sijaumbuka. Naitwa Acayo, mke wa polisi, tunakaa nyumba za askari karibu na Kibuli, na miezi miwili imepita tangu nikatwe titi la kushoto kwa sababu ya uvimbe, daktari akasema nisibebe ndoo lakini kila siku nipandishe vidole ukutani mpaka mkono unyooke, basi mume wangu, Sajini Ojara, nikamwambia ile ya ndoo tu, nikaongeza na ya kwangu, kwamba hata mwiko nisishike hadi Krismasi. Mama, akaamini! Mtu ambaye raia wakimwona wanahama barabara sasa anamenya matoke amejifunga kitenge changu, sukari anayoipigia foleni anaimimina yote kwenye chai yangu, na kila asubuhi ananiuliza, "Umelalaje?", jambo ambalo hakuwahi kuniuliza tangu tuoane, ndiyo maana uongo ukaninogea. Jumanne kuku akaingia kwenye unga, nikasahau, nikarusha mikono yote miwili, "Shuu!", kumbe mama mkwe, Joska, yuko mlangoni. "Eh! Mkono umefufuka," akasema. Nikapiga magoti. Akacheka: "Sitasema, ila mwanangu akipika, na mimi nipakuliwe." Sasa anakuja kila mchana. Lakini kinachonikosesha raha ni kwamba siku ile ya kuku mkono wa kushoto uliishia usawa wa bega, ukavuta kama kamba, kwa sababu naogopa kuufanyia mazoezi wasinione. Nikisema ukweli, Ojara si atarudi kuwa yule wa zamani? Na kovu lenyewe hajaliona.

Mama Emérence anajibu: Acayo, pole sana, mjanja mpumbavu wewe! Nimecheka, kisha nimekasirika. Sajini umemdanganya, lakini mkono haudanganyiki. Ukiendelea kuuficha utakakamaa kweli. Kesho mwonyeshe daktari. Akikuruhusu, vidole ukutani, polepole, asubuhi na jioni. Ndoo bado usiguse. Ukiona wekundu, usaha, mkono kuvimba au homa, usingoje siku ya kliniki.

Joska akija kula, mpe kisu amenye.

Na Ojara? Amri ya daktari angeitii wiki moja. Miezi miwili jikoni ni hofu ya kukupoteza. Subiri ashibe, umweleze yote, umwombe radhi. Atafoka, mwache afoke. Akimaliza, fungua blauzi mchana kweupe alione kovu. Kisha simama ukutani, mpe kipande cha mkaa, achore alama pale vidole vilipofika.