Mchuzi wa Wattie Uliopoa Angani

Lossiemouth, Uskoti
14 Machi 1991

Mpendwa Kaka Gregor,

Habari za huko New Zealand? Wifi Ailsa hajambo? Sisi tu wazima, ila goti langu na baridi hii havipatani. Mwanao Finlay mzima pia, anakula kuliko sisi sote. Kwenye simu nililia tu, ukakosa kuelewa lolote, kwa hiyo nakuandikia ilivyokuwa.

Unazikumbuka ndege za rada za kikosi cha mume wangu Wattie, zile kuukuu ulizozitukana, na yeye pia, kila zilipopita juu ya paa? Miaka yote hii zimekuwa zikienda kaskazini kuwaangalia Warusi wangali mbali, ili ndege zetu za kivita ziwahi kuwapokea. Hata rada zenyewe zilitolewa kwenye ndege za jeshi la maji zilizokwisha kustaafu. Kiangazi hiki nazo zinastaafishwa.

Siku mashua ya Finlay ilipozimika injini na redio kwenye dhoruba, Wattie alikuwa angani na wenzake, wakirudi nyumbani. Wakaombwa watafute.

Humo ndegeni wana desturi ya kupika mchuzi wa makopo yoyote yaliyopo, na bakuli lako likifika, unamwachia mwenzako kiti cha rada. Wattie akakatalia kitini.

"Toka hapo ule, mzee, unapoa!"

"Na upoe! Mtoto wa shemeji yangu yuko huko chini."

"Shemeji yupi? Yule anayekutukana?"

"Huyo huyo. Niacheni!"

Mawimbi nayo huonekana kwenye rada, vidoa tele vinavyowaka na kuzimika. Yeye alitafuta kimoja kisichozimika. Alipokipata, wakaielekeza helikopta ya uokoaji, ikamtoa. Mashua ilikuwa karibu kabisa na miamba, kaka.

Wattie alirudi na ule mchuzi kwenye chupa ya chai, akaupasha moto, akampa Finlay. Ni mbaya mno, lakini mtoto alilamba bakuli.

Jana ndege ilipita, vikombe vikagongana kabatini. Nilifungua dirisha niisikie vizuri.

Wasalimie wifi, binti yako Elspeth na wajukuu. Mungu aliyemrudisha Finlay awalinde nanyi.

Tangu juzi Wattie anakaa kando ya simu akijifanya anasoma gazeti. Mpigie, kaka.

Dada yako akupendaye na kukushukuru kabla hujapiga,
Isobel