Matembezi ya Wadi Bani Khalid

Ibra, Alkhamisi, 1983

Nimewaficha wanangu kwamba Kiarabu nakifahamu vizuri. Wanadhani changu ni cha sala tu. Ndiyo maana juzi daktari alimwambia Seif mbele yangu kuwa sitofika Ramadhani, na mwanangu akanifasiria: "Kasema ule vizuri, Baba."

Leo akanipakia garini kwenda kutazama milima ya bonde la Wadi Bani Khalid. Kila kona alisimama nione jabali, kisha vidimbwi vya maji ya kijani. Nimechoka kusema mashallah.

"Huteremki, Baba?"

"Naona vizuri humu humu."

"Basi tutakuja tena mwakani."

"Inshallah," nikamjibu, naye akashuka kufuta kioo kilichokuwa safi.

Mazikoni nimewaambia watu wengi kwamba mauti ni haki. Mimi sitaki kufa.