Michoro Yangu, Jina Lako

Shella, Malindi

Kwa binamu yangu Msellem,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo. Mama amepona mguu, na kila siku anauliza utakuja lini.

Nimeliona lile jarida la watoto. Kurasa za kupaka rangi zimependeza: yangeyange na kaa wa mikokoni, kwa mtindo wa Kijapani, wino mwepesi na weupe mwingi. Chini yake pana jina lako. Michoro ile nilikupa unipelekee kwa mhariri, Msellem. Ukanipigia simu ukasema, "Pole, dada, wameikataa." Nililia siku tatu.

Sikukushtaki. Nilimwandikia mhariri nikakusifu sana, nikamwomba akulete shuleni Muyeye uwafundishe watoto kuchora, wazazi wakitazama. Anasema umekubali kwa furaha. Hakukuambia ni nani aliyekuombea.

Ni Jumamosi hii. Wino nimeshanunua, na karatasi kubwa nimeibandika ukutani kwa mikono yangu. Mhariri mwenyewe atakuwepo, na mimi nitakaa ubavuni pake.

Ukija, utachora mbele yao. Usipokuja, nitachora mimi.

Dada yako,
Rufaida